Mji wa Baba Mdogo Tluway

Sisi tuliokulia Karatu miaka ile bendera ilipobadilishwa, tulikulia kwenye baridi. Nikiwaona vijana wa leo wamevaa majaketi mawili kwenda dukani na bado wanajikunyata, nacheka kimoyomoyo. Asubuhi tulitoka nyumbani ukungu umelala chini kabisa. Ng'ombe aliye mbele yako humwoni, unasikia tu anavyopumua. Aliyejaliwa alivaa katambuga za tairi, na wengi wetu hatukujaliwa. Shuleni tulifika miguu imekufa ganzi, tukakimbizwa mchakamchaka mpaka damu irudi, ndipo mwalimu akatupanga mstari kukagua kucha. Mchana tulikula makande yaliyolala, tukinyang'anyana ukoko wa chungu, na jioni tulicheza rede kwa mpira wa matambara hadi mama aite kwa ile sauti isiyoita mara ya pili.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Mahindi yakianza kukomaa tembo walishuka, na baba yangu na wenzake walihamia vichanjani kugonga madebe. Leo wageni wanavuka bahari kuja kuwapiga picha tembo hao hao. Sisi tulipowaona tulilia, kwa sababu tembo akishapita shambani mwenu, mwaka huo mnakula kwa majirani. Wamasai waliohamishwa kutoka Serengeti nilipokuwa bado nabebwa mgongoni walishuka na punda wao kutafuta mahindi, na nakumbuka sura za wazee wao, watu waliokuwa wakitazama mbali hata wakiwa wanaongea nawe. Enzi zetu hazikuwa furaha tupu, kama tunavyopenda kuwadanganya wajukuu. Kumbukumbu zangu nyingi zina mvua ndani yake.

Ninayemkumbuka kuliko wote ni baba mdogo Tluway. Kwa Kiiraqw jina hilo maana yake ni mvua, kwa kuwa alizaliwa masika. Alikuwa kitinda mimba wa aama, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Baba yangu, Bura, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Baba aliacha shule mapema akachunga ng'ombe ili mdogo wake asome, na mdogo wake akasoma kweli, akapita madarasa ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuyaona. Serikali mpya ilipotafuta vijana wa kwenda Uchina kusomea mabwawa na mifereji, jina lake likasomwa.

Ng'ombe dume alichinjwa siku ya kumuaga. Kisima chetu kilikuwa mbali bondeni, na mama zetu walipanda na maji mgongoni hadi shingo zikavimba mishipa. Baba alisimama mbele ya majirani na kibuyu cha pombe mkononi, akasema, "Huyu akirudi, maji yatapanda mlima yenyewe." Watu wakapiga vigelegele. Familia moja ya Mbulumbulu ilikwisha kukubali kumpa binti yao, nao walikuwepo, wamekaa mbele, wamependeza.

Alikaa huko mwaka mmoja tu, na hatukuambiwa kwamba anarudi. Alikuja juu ya lori la Mzee Salumu mwenye duka pale Karatu mjini, ameketi kwenye magunia ya sukari, mvua inanyesha, na sanduku lake amelifunika kwa koti lake mwenyewe. Aama alimshika uso kwa mikono miwili. Baba alingoja mpaka amekunywa maziwa, kisha akamwuliza, "Umemaliza?"

"Sijamaliza, kaka. Shule zimefungwa."

"Shule gani?"

"Zote. Wanafunzi wameacha madarasa, wameingia barabarani. Sisi wageni tumeambiwa turudi makwetu tungoje kuitwa."

"Na mabwawa?"

"Mwaka wote walitufundisha lugha yao kwanza. Mabwawa yalikuwa yanafuata."

Baba alisukuma kuni motoni. "Shule za nchi nzima zifungwe," akasema. "Nani atakaa chini aamini jambo hilo?"

Na kweli hakuna aliyeamini. Kisimani walisema amefukuzwa kwa ulevi. Kanisani walisema ni mwanamke. Mimi nilikuwa darasa la tatu na niliyasikia yote, kwa maana watu wazima wa enzi zile walidhani mtoto mwenye ndoo kichwani hana masikio.

Akangoja. Kila mara alishuka mjini, akapanda lori kwenda Arusha kuuliza kama wameitwa, akarudi na jibu lile lile kwamba asubiri. Siku nyingine zote alikaa kwa aama, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa boma letu. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kipande cha ardhi ambacho baba alikuwa amekipumzisha. Jioni moja tuliporudi shule tulimkuta baba mdogo hapo na mpini wa jembe, anachora chini.

"Huu ni mto," alituambia. "Hapa ni lango la kusini. Njooni tukatembee Nanjing, mji niliokuwa nasoma."

Hivyo ndivyo tulivyouanza ule mji. Kiangazi chote tulikuwa tukitupa mikoba ya shule mlangoni na kukimbilia huko. Tulijenga ukuta kwanza, kwa vitofali vya udongo mwekundu vidogo kama kiberiti. Alituambia kwamba ukuta wa Nanjing ni wa zamani sana, umezunguka mji wote, na kila tofali lina jina la aliyelifyatua, ili likipasuka mfalme ajue wa kumwita. Basi kila mmoja wetu akakwaruza jina lake kwa mwiba. Tuliogopa vitofali vyetu visije vikapasuka, tukavikausha kivulini kwa uangalifu ambao mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kuupata.

Nje ya ukuta akatupeleka kwenye njia iendayo kaburini kwa mfalme. Njia ile, alisema, imepangwa wanyama wa mawe huku na huku, simba na ngamia na tembo, tembo wengine wamesimama na wengine wamepiga magoti. Hilo lilitushinda. Mtu awachonge tembo kwa hiari yake? Tulikuwa tunawafinyanga wa kwetu kwa udongo baba alipopita na ng'ombe, akasimama kusikiliza.

"Mwambie huyo mfalme wako aje awachukue na hawa wa kweli," alisema.

Baba mdogo alicheka, na baba naye akacheka, akaendelea na ng'ombe wake.

Kisha kulikuwa na kilima cha maua. Kuna mti huko, alisema, unaochanua wakati wa baridi kali, hauna jani hata moja, maua yametoka kwenye kijiti kitupu na barafu imeyaangukia juu. Watu hutoka mjini na watoto wao kwenda kuyatazama tu. Tulimwuliza wanayala? Hawayali. Wanayauza? Hapana, wanayatazama, halafu wanarudi nyumbani. Tulichomeka vijiti vikavu kwenye kilima chetu, na kila siku tukavifunga maua tuliyoyachuma pembeni mwa msitu, meupe na ya rangi ya waridi, na ya mibuni ya wazungu wa Oldeani yalipokuwepo. Jioni yalikuwa yamenyauka. Kesho yake tulileta mengine.

Siku za upepo tulikaa ndani naye akatufundisha kukata karatasi. Mwaka wao mpya unapofika, alisema, mji mzima huwaka taa za karatasi, na wanawake hukata karatasi nyekundu kwa mkasi, bila kuchora kwanza, wakatoa samaki, ndege, maua, wakayabandika madirishani. Yeye alifundishwa na mwanamke mzee aliyeishi jirani na bweni lao. Huku kwetu Mzee Salumu alimwekea karatasi nyekundu zilizofungia majani ya chai. Mwanamume mzima akikata maua kwa mkasi, na wasichana wamemzunguka! Mama yangu alichungulia mlangoni, akaondoka akitikisa kichwa.

Aama yeye hakutikisa kichwa. Alichukua ua moja la karatasi, akalipeleka mwangani, akaligeuza huku na huku. Halafu akaingia chumbani akarudi na kitu kilichofungwa kwenye ngozi ya kondoo. Ilikuwa sketi ya ngozi, imetariziwa shanga kutoka kiunoni hadi pindoni, mistari na duara na mizunguko ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata mpaka mwisho. Aliishona mwenyewe alipokuwa mwali, ndani, pamoja na wenzake. Tulilala katika nyumba ile tangu tuzaliwe na hatukujua kwamba imo.

"Huyo mama mzee wako wa Uchina na mimi tungeelewana," alimwambia mwanawe.

Baba mdogo aliitandaza sketi magotini akawa anauliza: hii ni nini, na hii? Aama akajibu. Hii ni njia ya ng'ombe. Hili ni jua. Hapa rafiki yangu alinisaidia, angalia, mkono wake si wangu. Sikuwahi kumsikia akizungumza sana namna ile.

Siku nyingine, nikiwa napukuchua mahindi kando yao, aama alimwuliza kama yule mwanamke mzee wa Nanjing bado yupo.

"Vijana walikuja nyumbani kwake," baba mdogo alisema. "Wakamwambia hayo mambo yake ni ya kizamani, yanaharibu nchi. Wakamletea karai. Akayachoma maua yake mwenyewe, mama, moja moja, majirani wote wanatazama."

"Na wewe?"

"Nilikuwa mgeni. Nilisimama tu."

Aama aliendelea kupepeta. "Walipokuja watu wa dini kutuambia tuzichome sketi zetu," akasema, "kaka zangu nao walisimama tu. Hii niliizika kwenye zizi."

Mimi nilipukuchua mahindi mpaka vidole vikauma, kwa sababu niliogopa kunyanyua uso.

Mwaka ukageuka, mwito haukuja. Wale watu wa Mbulumbulu walituma mjumbe kusema binti yao bado mdogo. Majuma machache baadaye tukasikia ameolewa Oldeani. Baba mdogo akaacha kunyoa ndevu. Watoto wa jirani zetu wakakatazwa kuja kucheza nyuma ya nyumba ya aama, tukabaki wachache. Wakubwa wakipita njiani walisema kwa sauti ya kusikika, "Habari za mjini?" kisha wakacheka.

Ndipo gari la sinema la serikali likaja Karatu. Tangazo lilisema kutakuwa na picha za nchi rafiki, Uchina ikiwamo. Baba mdogo alinyoa siku ile. Alimwomba kaka yake aje, na baba akaja, akavaa koti lake la kanisani. Giza lilipoanza kuingia, shuka nyeupe ilifungwa kwenye ukuta wa godauni na watu wote wa mji na vijiji wakakaa chini, Mzee Salumu na wenye maduka wenzake kwenye mabenchi, sisi watoto mbele kabisa.

Picha ya Uchina ilipoanza, baba mdogo alisimama. "Ndiyo pale," alisema. "Ule mto ndio wa Nanjing." Lilikuwa daraja kubwa linajengwa juu ya maji mapana sana, vyuma vinapandishwa, wafanyakazi wanatabasamu. Kisha wakaonyesha mitaa, na mitaa imejaa watu, maelfu wanapiga ngoma, wameshika bendera na vitabu vidogo, vinywa vyote vimefunguka kwa pamoja. Nilitafuta maua. Nilitafuta taa za karatasi na tembo waliopiga magoti. Niliona miti, lakini mbele ya miti kulikuwa na watu na bendera, na nyuma ya watu kulikuwa na watu wengine.

"Tembo wako wapi, bwana Nanjing?" mtu akauliza nyuma.

Kicheko kilianza kwa wachache, kikaenea. Mwingine akauliza kama maua yameliwa na mbuzi. Baba mdogo aliendelea kusimama akiwa ameinua mkono kuonyesha kitu ambacho kwenye shuka kilikwisha kupita. "Yapo," alisema. "Hawajayaonyesha tu. Yapo." Nikageuka nimtazame baba. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama chini, kama mtu anayeona aibu kwa ajili ya mtoto wake. Nafikiri baba mdogo aliiona sura ile, kwani alishusha mkono, akapita katikati ya watu, akaondoka.

Mvua za kwanza zilipodondoka, baba alifunga maksai. Baba mdogo alikuwa Arusha, amekwenda kuuliza kwa mara nyingine. Ilikuwa asubuhi, na tulijua maksai wanaelekea wapi walipoupita mlango wa aama.

Aama alitoka nje. "Bura, mngoje mdogo wako arudi."

"Mvua haimngoji mtu, mama," baba alijibu. Hakuwa na hasira. Tembo walikuwa wamekula sehemu kubwa ya shamba la juu, na watoto tulikuwa wengi. "Maharage yakikosa kupandwa mwezi huu, nitawapa nini hawa?"

Alilima akianzia kwenye ule mto wetu wa kuchora. Ukuta ulipasuka kimyakimya, udongo ukarudi kuwa udongo. Nilisimama na wenzangu pembeni mpaka kilima cha maua kilipogeuzwa, kisha mama akaniita nikachote maji.

Baba mdogo alirudi alasiri. Alisimama kwenye kona ya shamba, koti limelowa, akatazama matuta yaliyonyooka vizuri, maana baba alikuwa mlimaji hodari. Sote tulikuwa tunangoja. Aama alikuwa ameshika fremu ya mlango. Baba aliendelea kupanda bila kuinua kichwa, lakini maharage yakawa yanaanguka mengi mahali pamoja. Basi baba mdogo akavua viatu vyake, akachukua kikapu cha mbegu kilichokuwa kando, akaingia kwenye tuta la pili, akaanza kupanda sambamba na kaka yake. Walipanda mpaka wakamaliza.

Mwaka huo maharage yalizaa sana. Mimi niliyala kama wote.

Baada ya mavuno baba mdogo akasema amepata kazi ya ualimu Sale, huko mbele ya Ngorongoro, upande wa Loliondo, mahali ambapo walimu waliosomea hawakutaka kwenda. Alipanda lori lile lile la Mzee Salumu. Aama alimpa kibuyu cha samli. Baba alimfungia sanduku kwa kamba, akaikaza, akaifungua, akaikaza tena. "Ukiona baridi, rudi," alimwambia. Ni neno la ajabu kumwambia mtu anayetoka Karatu kwenda kwenye joto, lakini baba hakuwa na jingine.

Alikaa huko mwaka na zaidi. Masika ya pili, Mzee Salumu alipanda mlima kuja kwetu kwa miguu, mtu mnene vile, kwenye matope. Alifika akasimama nje, akavua kofia yake, hakutaka kuingia. Mama alipomwona tu aliketi chini. Dereva kutoka Loliondo alikuwa amemletea habari. Homa ilimshika baba mdogo wakati njia imefungwa na mvua, hakuna gari linaloweza kupita mpaka zahanati, na vijana waliombeba kwenye machela walikuwa bado njiani alipokata roho.

Njia ilipofunguka baba alikwenda. Alipita Ngorongoro, akashuka nyikani, akafika Sale akakuta wamekwisha kumzika. Aliporudi alikaa jikoni kwa aama, nasi tukakaa kumzunguka, naye akawa anasugua magoti yake.

"Kule wamemlilia kuliko sisi," alisema.

Aama akamwambia aseme vizuri.

"Watoto wa shule walinishika mikono, mama. Waliniuliza kama mimi ndiye Bura. Wananijua. Wanajua ninavyowafukuza tembo kwa madebe, wanajua mateke ya yule ng'ombe wetu mweusi, wanajua nyumba hii ina mlango upande gani. Walikuwa hawaamini kwamba tupo kweli. Niliwaambia tupo."

Kisha akatoka nje, na hakuna aliyemfuata.

Aama hakuishi sana baada ya hapo. Alizikwa na sketi yake, yeye mwenyewe aliagiza. Baba aliishi mpaka uzee mkubwa, na jina la mdogo wake hakulitaja mbele yetu isipokuwa kwenye sala.

Siku hizi Karatu ina lami na mahoteli. Maji yanafika mlangoni kwa bomba, na msichana akiambiwa akinge ndoo anavuta mdomo. Mtoto wa kaka yangu anakwenda Uchina kila anapotaka, kama sisi tulivyokwenda mnadani. Analeta vigae, vifuniko vya simu, na maua ya plastiki ambayo mahoteli yanayanunua kwa wingi. Akirudi, watu wanatoka kumlaki, na hakuna anayemwuliza kama ni kweli alifika. Kijana mzuri, ana heshima, amenijengea jiko. Lakini hana habari. Nikimwuliza nchi ikoje, ananiambia bei za magodauni.

Mwezi uliopita alikuja kula kwangu, nami nikamwuliza kama katika safari zake amewahi kufika Nanjing.

Alifikiri kidogo, kidole bado kiko kwenye simu.

"Tulipita hapo kwa treni, shangazi," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Nikamwambia ale, ugali unapoa.